Mbona wanasema wasio na ajira Tanzania ni asilimia 9 wakati mtaa mzima hauna kazi?

Dogo wangu alimaliza chuo akarudi nyumbani, mwaka wa pili huo anazungusha bahasha, vyeti vimechakaa kwa kutolewa kopi. Asubuhi anamfungulia mama genge, anapanga nyanya na vitunguu mafungu mafungu, mama akirudi kutoka sokoni yeye anaoga anatoka. Siku moja akaja dada wa takwimu na kishikwambi chake, kakaa kwenye kigoda, akaanza maswali. Ndani ya siku saba zilizopita ulifanya kazi yoyote ya kipato, hata kwa saa moja, hata kwenye biashara ya familia? Dogo akajibu mimi sina kazi. Na hili genge? Hapa namsaidia tu mama. Kwa siku masaa mangapi? Kama mawili. Dada akabonyeza, akasogea swali linalofuata, na dogo akawa ameshahesabiwa kwamba ni mtu mwenye ajira.

Alikasirika hadi jioni. Kila nikisimulia hii kitu mtu lazima aseme si unaona, wanapika data. Hapana, hakuna aliyepika kitu, yule dada alifuata sheria ya kazi yake sawasawa, na sheria yenyewe haikutungwa Dodoma. Tatizo ni kwamba neno "ajira" unavyolisikia wewe na linavyotumika kwenye zile ripoti ni vitu viwili tofauti kabisa, na ukishaelewa hapo ndio namba zinaanza kukuambia kitu.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, ndilo lililoweka vipimo vinavyotumika karibu kila nchi, na msingi wake uliwekwa kwenye mkutano wa wanatakwimu wa kazi wa mwaka 1982. Ili uitwe huna ajira lazima mambo matatu yawe kwako kwa pamoja: hukufanya kazi hata saa moja katika wiki inayoulizwa, uko tayari kuanza ukipata, na umekuwa ukiitafuta kwa vitendo, yaani umepeleka barua, umeuliza watu, umeenda getini kiwandani. Likikosekana moja tu, wewe sio "asiye na ajira". Mwanafunzi yuko nje ya hesabu, mzee aliyestaafu yuko nje, mama anayelea watoto nyumbani na hatafuti kazi yuko nje, na hapa ndipo panapouma, aliyetafuta miaka mitatu akachoka akaacha kutafuta naye yuko nje. Huyo wanamwita aliyekata tamaa, na wala simaanishi tusi, ndio jina lake la kitaalamu.

Chukua kijiji cha watu wazima 100 tuone inavyokuwa. 60 wanafanya kazi, 10 wanatafuta, 30 ni wanafunzi, wagonjwa, wazee na wengineo. Nguvu kazi ni wale 60 jumlisha 10, basi, na kiwango cha ukosefu wa ajira ni 10 gawanya kwa 70, unapata asilimia 14.3. Sasa mwaka unaofuata watano kati ya wale 10 wamechoka, wamekaa kijiweni wanacheza drafti. Hesabu inakuwa 5 gawanya kwa 65, asilimia 7.7. Ukosefu wa ajira umeshuka karibu nusu na hakuna hata mtu mmoja aliyepata kazi kijiji kizima. Kwa hiyo ukisikia waziri yeyote, wa nchi yoyote, anatangaza kiwango kimeshuka, swali la kwanza ni wale walioondoka kwenye ile foleni wameenda wapi.

Tanzania bwana tuna tafsiri mbili. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatumia ile ya kimataifa na inatumia ya kwetu ambayo imelegezwa, yule ambaye yuko tayari kufanya kazi ila hatafuti anahesabiwa hana ajira, na pia yule mwenye kashughuli kasikoeleweka ambaye hana uhakika kama wiki ijayo katakuwepo. Kwa tafsiri hii ya kwetu, utafiti wa nguvu kazi wa mwaka 2014 ulitoa asilimia 10.3 na ule wa 2020/21 ukatoa asilimia 9. Kwa kile kipimo kikali cha ILO tunashuka mpaka asilimia 2 au 3 hivi. Yaani watu wale wale, ukibadilisha swali namba inageuka mara tatu.

Nigeria walituonyesha hili waziwazi kuliko nchi yoyote. Mwisho wa mwaka 2020 takwimu zao zilisema asilimia 33.3 hawana ajira, maana kwa utaratibu wao wa zamani mtu aliyefanya kazi chini ya masaa 20 kwa wiki alihesabiwa hana kazi. Mwaka 2023 wakahamia kipimo cha saa moja kama wenzao, na robo ya kwanza ya mwaka huo ikatoka na asilimia 4.1. Lagos asubuhi hiyo ilikuwa ile ile, foleni ile ile, vijana wale wale wanauza maji kwenye mataa.

Na ukitaka kuchanganyikiwa kabisa fungua jedwali la dunia. Niger, moja ya nchi maskini kuliko zote, wana chini ya asilimia 1. Afrika Kusini, yenye viwanda na barabara na migodi, ina zaidi ya 30, na ukiwaongeza waliokata tamaa inapita 40. Je, Niger kuna kazi nyingi kuliko Johannesburg? Hapana. Kule Niger ukikaa bila kufanya chochote hutakula, hakuna fao, hakuna akiba, kwa hiyo kila mtu ana kitu anachofanya, analima mtama, anachunga, anauza chochote kile. Kukaa unatafuta kazi mchana kutwa ni gharama, lazima pawe na mtu anayekulisha wakati unatafuta. Afrika Kusini kuna ruzuku za serikali kwa mamilioni ya familia, halafu ubaguzi wa rangi ulishawanyang'anya Waafrika ardhi ya kulima na kuwazuia kufanya biashara mjini kwa miongo mingi, kwa hiyo ile sekta ya genge na jembe inayotubeba sisi kule ni nyembamba. Mtu akikosa kazi ya kuajiriwa hana pa kuangukia.

Sisi pa kuangukia papo, na ndio maana mimi naona asilimia 9 sio uongo ila ni jibu la swali ambalo sio letu. Swali letu ni kazi unayofanya inakulisha? Hapo ndio inakuja ajira pungufu, mtu anapata kibarua siku mbili kwa wiki na angetaka sita. Hapo ndio wanakuja wanaojiajiri bila mkataba, bila bima, bila siku ya kuumwa, ambao ndio wengi wetu, na Kenya nao ni hivyo hivyo, zaidi ya asilimia 80 ya kazi zao ziko jua kali, yaani sekta isiyo rasmi. Wanatakwimu wenyewe wanalijua hili, na mwaka 2013 walikutana tena wakabadilisha tafsiri, wakasema anayelima kwa ajili ya kula na familia yake tu anafanya kazi ndio, ila hana "ajira". Kwa nchi kama yetu badiliko hilo moja linahamisha watu wengi sana kutoka safu moja kwenda nyingine bila mtu kunyanyua jembe wala kulitua.

Sasa aina zenyewe za ukosefu wa ajira. Vitabu vinapenda kuzipanga nne na nitazipitia ila sio kwa uzito sawa maana kwetu hazina uzito sawa.

Ya mpito ni ile ya katikati, umeacha kazi hapa unasubiri kuanza pale, au umetoka chuo ndio unapeleka barua. Hii ipo hata kwenye uchumi mzuri na wala sio ugonjwa, bila hiyo watu wangeng'ang'ania kazi wasizoziweza. Kwetu inarefuka kwa sababu habari za kazi zinasafiri kwa koneksheni, nafasi inajazwa kabla tangazo halijabandikwa. Ya msimu nayo inajulikana, Mtwara na Lindi korosho zikiisha vibarua wa maghalani wanarudi nyumbani, Pemba karafuu zikishachumwa hivyo hivyo, na masika ikikolea mwezi wa nne hoteli za Nungwi na Kiwengwa kule Unguja zinapunguza watu mpaka mwezi wa sita.

Ya mzunguko wa uchumi ni pale wateja wanapopotea kila mahali kwa wakati mmoja. Hii ndio iliyomfanya mchumi Mwingereza Keynes aandike alichoandika mwaka 1936, kwa sababu Marekani mwaka 1933 karibu robo ya nguvu kazi haikuwa na kazi, na wachumi wa zamani walikuwa bado wanasema mishahara ikishuka ya kutosha watu wataajiriwa tu. Yeye akasema hapana, mshahara wa huyu ndio mauzo ya yule, wote mkipunguziwa nani atanunua. Sisi tuliionja mwaka 2020. Watalii waliokuja Tanzania mwaka 2019 walikuwa kama milioni 1.5, mwaka 2020 wakawa laki 6 na ushee, na Arusha madereva wa land cruiser waliokuwa wanaongea Kijerumani na Kispaniola wakawa wanauza mayai. Kenya kiwango chao kikapanda kutoka asilimia 5.2 robo ya kwanza mpaka 10.4 robo ya pili, ndani ya miezi mitatu. Uzuri wa hii, kama ni uzuri, ni kwamba wateja wakirudi kazi zinarudi.

Ya kimuundo haina hiyo huruma. Kazi inaondoka na hairudi, au inabaki ila inataka ujuzi ambao wewe huna. Nenda Tanga uone. Mkonge ulikuwa ndio mambo yote, mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza dunia, mwaka 1964 zilivunwa zaidi ya tani laki 2, na manamba walitoka Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji kuja kukata. Halafu zikaja kamba za nailoni, bei ikaporomoka, na mashamba yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha yakaendeshwa vibaya juu yake. Mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulishafika kwenye tani elfu 20 hivi. Yale makambi ya manamba mengine yamebaki kuta, na wajukuu wa wakataji wako Dar wanaendesha bodaboda. Hakuna mtu aliyefanya uvivu hapo, mkono wa mkata mkonge ulikuwa na thamani mpaka siku bei ilipobadilika huko ulaya.

Upande wa pili wa hii ya kimuundo ni vyeti. Tumezalisha walimu wa masomo ya sanaa kuliko nafasi za kuwaajiri, huku fundi mzuri wa mitambo ya baridi au wa kuchomelea mabomba ya gesi unamtafuta kwa tochi. Ila wengi wanaosema "vijana hawaajiriki" wanaishia hapo na mimi nakataa kuishia hapo. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili, ikabidi ufanyike Uwanja wa Taifa pale Dar maana walioitwa walipita elfu 10, na nafasi zilikuwa 70. Sabini. Uwafundishe wote wale kompyuta na kujieleza na sijui sivii ya kisasa, jioni bado wangeajiriwa 70. Ujuzi unaamua nani aingie, hauongezi viti.

Viti vinaongezwa na nini? Hapa ndio sababu zenyewe zinalala. Sensa ya 2022 ilitukuta milioni 61.7, ile ya 2012 ilikuwa kama milioni 44.9, tunakua asilimia 3.2 kwa mwaka, na makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba vijana kati ya laki nane na milioni moja wanaingia kutafuta riziki kila mwaka. Uchumi unakua ndio, ila unakulia wapi? Dhahabu inaingiza fedha nyingi za kigeni kuliko karibu bidhaa yoyote, ila mgodi mkubwa mmoja wa kisasa unahitaji watu elfu chache tu na mitambo. Benki na simu zinakua na programu inafanya kazi ya makarani ishirini. Kilimo ndio kina watu zaidi ya nusu lakini mkulima mmoja anazalisha kidogo, mbolea ghali, mvua haina ratiba. Kwingine duniani waliotoka shambani walipokelewa na viwanda vya nguo na viatu, sisi vyetu vingi vya nguo vilikufa miaka ya 1980 na 1990, mitambo chakavu, umeme wa mgao, mitumba imejaa, na ubinafsishaji ukaja kuwafungia geti waliobaki. Kwa hiyo anayetoka shambani anaruka moja kwa moja hadi kwenye toroli la matunda.

Kuna kitu kimoja kuhusu mji ambacho wachumi wawili, Harris na Todaro, walikiandika mwaka 1970 wakiwa wameiangalia Nairobi, na mimi kila nikikikumbuka naona walituchungulia dirishani. Walisema mtu wa kijijini haji mjini kwa sababu ya kazi iliyopo, anakuja kwa sababu ya nafasi ya kuipata. Kijijini anapata elfu mbili kwa siku, tuseme, mjini mshahara ni elfu kumi ila uwezekano wa kuupata ni mmoja kati ya watatu, kwake hiyo bado ni hesabu nzuri, anapanda basi. Matokeo yake ukiongeza ajira mjini peke yake unaweza kuongeza wasio na ajira, maana kila kazi mpya inaita watu watatu. Kenya mwaka 1964 serikali na waajiri walikubaliana kuongeza ajira kwa makubaliano kwamba vyama vya wafanyakazi visidai nyongeza ya mishahara, na watu wakafurika kujiandikisha kuliko ilivyotegemewa. Ndio maana Dar, yenye kazi nyingi kuliko mkoa wowote, ndio pia yenye kiwango cha juu cha ukosefu wa ajira, karibu mara mbili ya taifa.

Na sisi tulijaribu njia ya mkato. Mwaka 1983, Sokoine akiwa waziri mkuu, ikapitishwa sheria ya Nguvu Kazi, asiye na kazi inayotambulika anaitwa mzururaji, anakamatwa mjini anapelekwa kijijini au shambani kulima. Wazee wanakumbuka karandinga. Wengi waliteremshwa huko na baada ya wiki kadhaa wakawa wamesharudi Kariakoo, kwa sababu kilichowatoa kijijini kilikuwa bado kipo palepale kinawasubiri.

Madhara? Ya kiuchumi yanaelezeka haraka, mikono iliyokaa ni mali ambayo haikuzalishwa, kodi inalipwa na wachache, na kampuni inapojua getini wanasubiri mia mbili haina haraka ya kuongeza mshahara wa aliye ndani. Wanawake wanaumia zaidi, kwenye ule utafiti wa 2020/21 kiwango chao kilikuwa mara mbili hivi ya wanaume, ukijumlisha na kazi za nyumbani ambazo hazihesabiwi popote unaanza kuelewa kwanini mabinti wanapanda ndege kwenda Muscat, Oman, kufanya kazi za ndani kwa mkataba ambao hawajausoma.

Ila madhara ya ndani ya mtu ndio hayasemwi vizuri. Miaka ya 1930 huko Austria kulikuwa na kijiji kinaitwa Marienthal, kiwanda cha nguo kilichokilisha kijiji kizima kikafungwa, na watafiti wakaenda kuishi nao waone. Walitegemea kwamba watu wakiwa na muda mwingi watasoma zaidi, watajihusisha na siasa zaidi. Ikawa kinyume, vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua, vyama vikakosa watu, na watafiti wakakaa dirishani na saa mkononi wakapima hata mwendo, wanaume walikuwa wanatembea polepole na kusimama simama njiani, hawana pa kuwahi. Nilipojifunza hiyo nilimkumbuka dogo. Mwaka wa kwanza aliamka saa kumi na moja. Mwaka wa pili saa nne, na ukimuuliza kesho una ratiba gani anakasirika. Baadaye akaanza kubeti. Mshahara wa kwanza wa mtu aliyekaa miaka mitatu huwa mdogo kuliko wa mwenzake aliyeanza mapema, na utafiti wa nchi nyingi unaonyesha lile pengo linamfuata miaka mingi, maana mwajiri akiona uwazi kwenye sivii hajiulizi uchumi ulikuwaje mwaka ule, anajiuliza wewe una kasoro gani.

Kuhusu kinga, tangu 2018 tuna fao la kukosa ajira kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa mwanachama aliyechangia muda unaotakiwa na akapoteza kazi bila yeye kuacha mwenyewe. Ni kitu kizuri, ila kisome tena, ni kwa aliyekuwa na kazi rasmi ikaisha. Dogo hajawahi kupoteza kazi kwa sababu hajawahi kupewa. Mama wa genge haingii, dereva bodaboda haingii, kibarua wa korosho mara nyingi haingii. Kinga yao ni shangazi wa Morogoro anayetuma elfu ishirini kila mwisho wa mwezi kutoka kwenye mshahara wa ualimu, watu sita wanaugawana. Mwaka jana shangazi alistaafu, na tangu hapo mama anafunga genge saa tatu usiku badala ya saa moja.